Twiga wa Nguuni wanamngoja mtoto wa Kongowea

*Kipande cha savana chenye twiga, pofu na choroa kiko safari fupi ya matatu kutoka soko kubwa la Kongowea. Mji unakisogelea, kiwanda kinachokimiliki kimepata mwenyewe mpya, na majirani wengi hawajawahi kukanyaga ndani. Nani atasimama kukitetea?*

Na Mwandishi Wetu

SAA moja ya asubuhi siku ya Jumamosi, soko la Kongowea halina pa kuweka mguu. Malori yaliyokesha barabarani kutoka bara yanashusha kabeji, viazi na vitunguu. Mahamali wanasukuma mikokoteni wakiomba njia kwa sauti. Pembeni ya meza za nyanya, watoto waliofuatana na mama zao kwa kuwa leo hakuna shule wanahesabu chenji.

Katika chenji hiyo mna sarafu ya shilingi moja ya toleo la mwaka 2018, yenye sura ya twiga. Kwa wengi wa watoto hawa, twiga ni huyo: wa kwenye sarafu, wa kwenye kitabu cha shule, wa kwenye televisheni.

Twiga aliye hai, anayetembea na kuchuma majani ya miti, yuko Nguuni, upande wa Kiembeni, katika Kisauni ya jirani. Unapanda matatu ya Barabara ya Malindi, unamalizia kwa bodaboda, na kabla ya jua kuwa kali umeshafika.

Hata hivyo, ukizungumza na wakazi wa Kongowea, Mlaleo au Kisauni, utakuta wengi wameishi hapa tangu kuzaliwa na hawajawahi kuingia. Wanaijua Nguuni kwa kusikia tu, kama mahali pa wageni wa hoteli na pa harusi za watu wenye uwezo.

Hilo ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Hifadhi ndogo iliyozungukwa na mji haina simba wa kuwatisha wavamizi, wala haina ukubwa wa kuifanya isahaulike. Ina ua, ina walinzi wachache, na ina majirani. Majirani wakiwa hawaijui, siku ikitishwa hakuna atakayeinua sauti.

Njia ya kwenda

Kutoka Kongowea, matatu za Bamburi na Mtwapa hupita Bombolulu na kuendelea kaskazini. Anayekwenda bustani ya Haller Park huteremka Bamburi, karibu na kiwanda cha saruji. Anayekwenda Nguuni huendelea hadi Kiembeni.

Toka hapo, tuktuk au bodaboda hukuingiza ndani kupitia mitaa ya nyumba za ghorofa, maduka ya M-Pesa, misikiti, makanisa na vibanda vya viazi karai. Halafu nyumba zinakoma. Ua unaanza, na nyuma yake ni nyasi.

Cha kwanza kumgusa mgeni ni nafasi. Macho yaliyozoea kugonga ukuta wa jirani yanapata pa kwenda.

Mikoma imesimama hapa na pale, mashina yake yakipasuka mara mbili, kisha mara mbili tena kuelekea juu. Mpwani hahitaji kuelezwa mti huu. Makoma yake ameyaguguna utotoni, na miaa yake ndiyo iliyosukwa mikeka na vikapu vinavyouzwa Kongowea. Hapa anauona umekomaa, haujaguswa na panga.

Kati ya mikoma hiyo hutembea pofu, mkubwa kuliko swala wote. Dume lililokomaa linaweza kufikia uzito wa kilo 900, na bado lina uwezo wa kuruka ua wenye kimo cha mtu. Ukiwa karibu nalo, mzee au kijana, unajikuta umepunguza sauti.

Choroa, mwenye pembe ndefu zilizonyooka, anafundisha somo jingine. Jua likichoma, huuacha mwili wake upate joto hadi kupita nyuzi 40 bila kutoa jasho, ili asipoteze maji aliyo nayo. Mwalimu wa sayansi anaweza kueleza jambo hilo ubaoni kwa wiki nzima. Hapa mwanafunzi analiona limesimama mbele yake saa sita za mchana.

Kuro hupenda kukaa karibu na maji. Mbuni hutembea wakiwa kundi. Yai lao moja lina uzito wa kilo moja na zaidi, sawa na mayai ya kuku yapatayo 20. Kwenye mabwawa, yangeyange husimama kwa subira wakingoja samaki.

Ndege hao wana maana ya pekee kwa mtoto wa Mombasa. Mitaani amezoea kunguru waliotoka India, wale ambao mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa sababu wanaharibu viota vya ndege wa asili. Nguuni humwonyesha kwamba anga la Pwani lina wenyewe wengine.

Kwa kuwa hakuna simba wala tembo, mgeni anaweza kutembea kwa miguu akiwa na mwelekezi. Katika mbuga kubwa kama Tsavo, mtu hutazama wanyama kupitia dirisha la gari alilolikodi kwa pesa nyingi. Hapa, anayekuja kwa matatu na anayekuja kwa gari lake wanatembea juu ya nyasi zile zile.

> Hifadhi ndogo iliyozungukwa na mji haina simba wa kuwatisha wavamizi. Ina ua, ina walinzi wachache, na ina majirani.

Timbo lililozaa msitu

Huwezi kuielewa Nguuni bila kuijua Bamburi. Kiwanda cha saruji kilianzishwa mwaka 1951 na kikaanza kuzalisha mwaka 1954. Malighafi yake ilikuwa chini ya miguu ya watu: mwamba wa matumbawe ya kale, yaliyobaki nchi kavu bahari iliporudi nyuma.

Kila mfuko wa saruji uliojenga Mombasa uliacha shimo. Miaka ilivyopita, mashimo yaliungana yakawa jangwa jeupe, lisilo na udongo, lenye joto la kuchoma na maji ya chumvichumvi karibu na sakafu yake.

Mwaka 1959 kiwanda kilimwajiri René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, aliyekuwa amefanya kazi katika mashamba ya kahawa Tanganyika. Mwaka 1971 alianza kupanda miti ndani ya timbo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili zilikuwa tatu tu: mvinje, mdamasi na mnazi.

Mvinje ndio uliobeba kazi. Mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyochukua naitrojeni kutoka hewani na kuulisha mti, kwa hiyo unaweza kumea mahali pasipo na rutuba. Lakini majani yake membamba yalipoanguka hayakuoza. Yalirundikana tu, makavu, na udongo haukupatikana.

Jibu lilikuja kwa jongoo. Haller aliona majongoo wenye miguu myekundu wakila majani hayo bila shida. Akawaleta kwa mamia. Kinyesi chao kikawa chakula cha vijidudu vingine, na polepole mboji ikaanza kutanda juu ya mwamba. Mboji ikaleta miti mingine, miti ikaleta ndege, ndege wakaleta mbegu.

Mwaka 1984 mahali hapo palifunguliwa kwa umma, na baadaye pakapewa jina la Haller Park. Mwaka 1987, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilimtunuku Haller tuzo ya Global 500.

Dunia ililijua zaidi jina la Bamburi mwishoni mwa 2004. Baada ya mawimbi ya tsunami ya Desemba 26, watu wa Malindi walimwokoa kiboko mdogo aliyebaki peke yake baharini. Aliletwa Haller Park, akapewa jina Owen, na akamfanya mzazi wake kobe mkongwe wa Aldabra aitwaye Mzee.

Watoto wa Marekani walisoma kisa hicho vitabuni. Mtoto wa Kongowea alikuwa na haki ya kukitazama kwa macho, kwa nauli ya matatu.

Nguuni ilivyozaliwa

Haller Park iko ndani ya shimo lililofufuliwa. Nguuni iko juu, kwenye nyasi zilizoota zenyewe, na ilianza kwa fikra nyingine: kufuga pofu, choroa na mbuni kama watu wanavyofuga ng'ombe.

Fikra hiyo ilikuwa na mantiki. Pofu na choroa wanahitaji maji kidogo kuliko ng'ombe, na wanastahimili ugonjwa wa nagana unaoenezwa na mbung'o. Katika miaka ya 1970, wataalamu walifanya majaribio ya aina hiyo hiyo kwenye ranchi ya Galana, bara ya Malindi.

Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na tangu wakati huo sera ya nchi imeelekea kumthamini mnyama akiwa hai. Nguuni nayo ikawa mahali pa kutazama, kutembea, kupiga kambi na kufanya sherehe jioni jua linapotua.

Kwa muda mrefu uangalizi ulikuwa mikononi mwa kitengo cha mazingira cha kampuni ya Bamburi. Mwishoni mwa 2024, kampuni yenyewe ilinunuliwa na Amsons Group ya Tanzania, iliyochukua hisa za Holcim ya Uswisi pamoja na za wenyehisa wengine. Kwa mara ya kwanza katika historia yake, usukani wa kiwanda hicho umeingia mikononi mwa kampuni ya Afrika Mashariki.

Tukio hilo linafungua mlango wa mazungumzo. Mwenye mali mpya hupanga upya mali yake. Huu ndio wakati wa majirani kusema wanataka nini, kabla mipango haijafungwa.

Mji unavyosogea

Sensa ya 2009 ilihesabu watu 939,370 katika Mombasa. Ile ya 2019 ilihesabu 1,208,333. Kisauni peke yake ilikuwa na watu 291,930, na Nyali, ambamo Kongowea imo, 216,577. Yaani zaidi ya nusu milioni ya watu wanaishi kaskazini ya Nyali Bridge, katika kaunti yenye ardhi ya kilomita za mraba zipatazo 220 kwa jumla.

Watu hao wanahitaji pa kulala. Kiembeni, Utange, Mwembelegeza na Vikwatani, mahali palipokuwa na mashamba ya minazi na mihogo, leo ni mitaa. Barabara ya Mombasa hadi Mtwapa na Kilifi inapanuliwa, na kila mahali barabara kubwa inapopita, bei ya kiwanja hupanda.

Shamba la nyasi lenye twiga, katikati ya hayo yote, linaonekana na wengi kuwa ni ardhi iliyokaa bure. Hapo ndipo mgongano unapoanza.

> Zaidi ya nusu milioni ya watu wanaishi Kisauni na Nyali. Wengi wao hawana bustani ya umma hata ya kupumzikia Jumapili.

Pande tatu

Upande wa kwanza ni wa wasio na ardhi, na hoja yao haistahili kupuuzwa. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwaandikisha wachache kuwa wamiliki wa maeneo makubwa ya ukanda wa maili kumi. Familia zilizokuwa zikilima pale pale kwa vizazi zikabaki bila karatasi. Mpaka leo kuna watu Kisauni wanaoishi juu ya ardhi ambayo mwenyewe kisheria hawajawahi kumwona.

Kwa mtu wa namna hiyo, kuambiwa kwamba pofu ana ekari nyingi ilhali yeye hana futi 40 kwa 80 ni kuumizwa mara ya pili. Anauliza kwa nini mnyama atangulie binadamu. Ni swali la haki, na kila anayeitetea Nguuni lazima awe tayari kulijibu.

Upande wa pili ni wa kampuni. Kazi yake ni kutengeneza saruji na kupata faida. Hifadhi inadai walinzi, waganga wa mifugo, ua, maji na chakula cha ziada wakati wa ukame. Mhasibu akiangalia vitabu vyake, anaona gharama isiyorudisha pesa za kutosha.

Kampuni pia ina wajibu ambao sheria haiusamehe. Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka mchimbaji aweke dhamana ya kurudisha ardhi katika hali nzuri. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kufufua timbo ni deni analolipa aliyechimba.

Upande wa tatu ni wa wanamazingira, nao hawasemi kwa sauti moja. Wapo wanaoona Bamburi kuwa mfano wa kuigwa duniani. Wapo wanaohofia kwamba bustani nzuri inaweza kutumiwa kufunika moshi na vumbi, wakikumbusha kuwa viwanda vya saruji hutoa asilimia kati ya 7 na 8 ya hewa ya kaboni inayotokana na shughuli za binadamu.

Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini dawa yake si kuiacha Nguuni ipotee. Kama kiwanda kimeondoa mwamba, kimetoa moshi na kimepata faida kwa miaka 70, basi angalau kipande hiki cha savana kibaki, na kiwe cha kuwafaa waliovuta moshi huo.

Kwa mwenye kudai ardhi, jibu la haki ni hili. Tatizo la hati katika Kisauni ni kubwa kuliko Nguuni. Hata ikigawanywa yote kesho, viwanja vitaishia mikononi mwa wenye pesa, kama ilivyotokea kwingine Pwani, na maskwota watabaki pale pale. Haki yao inadai utaratibu wake wenyewe, wa Tume ya Kitaifa ya Ardhi na wa kaunti. Kuiuza hifadhi kutawanyima watoto wao nyasi bila kuwapa baba zao hati.

Hifadhi ndogo haijiendeshi

Kuna wanaodhani kwamba kuhifadhi ni kuweka ua na kuondoka. Katika mbuga kubwa, maumbile hujisawazisha kwa kiasi: simba hupunguza swala, ukame hupunguza wote, makundi huhama kufuata mvua. Nguuni hakuna kuhama.

Wanyama wakizaana kupita kiasi, nyasi huliwa hadi mizizi, na mvua ya masika ikija udongo huchukuliwa. Kwa hiyo lazima wahesabiwe, na wanaozidi wahamishwe kwa kibali na usaidizi wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Kundi dogo lililofungiwa mahali pamoja kwa miaka mingi huanza kuzaana ndugu kwa ndugu. Watoto hudhoofika. Madume mapya lazima yaletwe kutoka kwingine, kama mfugaji anavyotafuta fahali nje ya boma lake.

Vichaka navyo hupanda juu ya nyasi visipodhibitiwa, na savana hugeuka pori la miiba. Mabwawa hukauka kati ya Januari na Machi, wakati wa kaskazi, maji yasipoongezwa. Nyaya za mitego lazima zisakwe kila siku kandokando ya ua.

Yote hayo ni kazi ya mikono, na mikono hiyo inaweza kutoka Kisauni. Kijana wa Kiembeni aliyefundishwa kuhesabu kuro, kutambua ndege na kuongoza wageni ana ajira na ana sababu ya kulilinda eneo hilo. Mtego ukiwekwa usiku, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kusikia habari zake mtaani.

> UKITAKA KWENDA
>
> • Piga simu au uliza Haller Park kabla ya siku yenyewe. Ziara ya Nguuni hupangwa mapema, hasa kwa makundi na shule.
>
> • Nenda asubuhi mapema au baada ya saa tisa alasiri. Mchana wa jua kali wanyama hukaa vivulini.
>
> • Nyasi hupendeza baada ya masika na vuli. Wakati wa kaskazi wanyama huonekana kwa urahisi karibu na maji.
>
> • Haller Park, twiga hulishwa kwa desturi saa tano asubuhi na saa tisa alasiri. Ukianza huko na kumalizia Nguuni, siku yako imekamilika.
>
> • Vaa viatu vilivyofunika vidole. Beba maji, kofia na chakula chako. Rudi na taka zako zote.
>
> • Usimpe mnyama chakula bila ruhusa ya mwelekezi, na usimkimbilie mbuni hata akionekana mpole.

Majirani waliookoa misitu yao

Kenya imeshashuhudia jinsi jirani anavyoweza kuokoa au kuangamiza hifadhi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, msitu wa Karura jijini Nairobi ulikuwa unagawiwa wajenzi. Profesa Wangari Maathai aliongoza maandamano ya kuupinga mgao huo, na Januari 1999 alipigwa akiwa langoni mwa msitu. Ugawaji ulisimama, lakini kwa miaka kadhaa watu waliendelea kuogopa kuingia kwa sababu ya wezi.

Kilichoubadilisha Karura ni wageni. Mwaka 2009 chama cha Marafiki wa Karura kiliundwa. Ua ukajengwa, njia zikasafishwa, vijana wa vijiji vya karibu wakaajiriwa kuulinda. Leo familia, wakimbiaji na wanafunzi hujaa humo kila wikendi. Anayetaka kuugusa msitu huo sasa anajua atakabiliana na maelfu ya watu wanaoupenda kwa sababu wameutembea.

Huku kwetu Kwale, wenye mashamba ya Mwaluganje walikuwa wakipoteza mahindi yao kwa tembo wanaotoka Shimba Hills. Katika miaka ya 1990 waliunganisha ardhi yao ikawa hifadhi ya tembo, na wao wakawa wanahisa wanaopata mgao wa mapato ya langoni. Ardhi ilibaki yao.

Gede nako, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, majirani wengi waliwahi kutaka msitu ukatwe wapate mashamba. Mradi wa Kipepeo ulipoanza mwaka 1993, familia zilianza kufuga vipepeo na kuwauza ng'ambo wakiwa bado ndani ya vifuko vyao. Msitu ulioleta karo ya shule ukapata watetezi vijijini.

Mahali pote patatu, ulinzi ulianza siku jirani alipopata sehemu yake: njia ya kutembea, mgao wa pesa au kazi. Nguuni haijafika hapo, na inaweza kufika.

> Anayetaka kuugusa Karura sasa anajua atakabiliana na maelfu ya watu wanaoupenda kwa sababu wameutembea.

Linalowezekana sasa

Kwanza, kiingilio cha jirani. Jumamosi moja kila mwezi, mkazi wa Kisauni na Nyali aingie kwa bei ambayo mama anayeuza mchicha Kongowea anaweza kuitoa kwa ajili yake na wanawe wawili bila kuvunja mtaji.

Pili, basi la shule. Mtaala wa umilisi unamtaka mwanafunzi ajifunze kwa kuona na kutenda. Shule za msingi za Kongowea, Frere Town na Mlaleo ziko karibu mno na Nguuni kwa mwanafunzi kumaliza masomo yake bila kufika huko hata mara moja. Gharama ya safari hiyo ni mafuta ya asubuhi moja, na inaweza kugawanywa kati ya kaunti na kampuni.

Tatu, ajira za uelekezi kwa vijana wa mitaa inayopakana na ua, pamoja na mafunzo ya KWS. Lugha ya uelekezi iwe Kiswahili kwanza, ili bibi aliyefuatana na wajukuu wake asikie naye.

Nne, sheria. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inamruhusu mwenye ardhi kuisajili kuwa hifadhi inayotambuliwa rasmi. Inakadiriwa kuwa asilimia 65 ya wanyamapori wa Kenya wanaishi nje ya mbuga za taifa, kwenye ardhi za watu binafsi na jamii, na sheria hiyo iliandikwa kwa kuzingatia hilo. Nguuni ikiwa na mpango wa usimamizi uliowekwa wazi, kila mmiliki atakayekuja ataukuta na ataulizwa juu yake.

Kaunti ya Mombasa nayo ina somo lake karibu. Mwaka 2019 ufuo wa Mama Ngina ulikarabatiwa, na mara moja familia zikamiminika kila jioni. Watu wa Mombasa walionyesha wazi kwamba wana kiu ya mahali pa wazi. Kaskazini ya daraja kiu hiyo bado haijatulizwa.

Wazazi tusijitoe. Tunalipia watoto wetu bembea za maduka makubwa, tunawanunulia bando za intaneti watazame wanyama wa nchi nyingine. Siku moja ya kutembea Nguuni itamkaa mtoto akilini kuliko saa nyingi za simu, na itampa mzazi nafasi ya kumwonyesha mkoma na kumwambia mkeka wa nyumbani umetoka kwenye mti gani.

Iliwachukua watu, majongoo na mivinje miongo kadhaa kulirudisha timbo la Bamburi kuwa msitu. Savana iliyomwagiwa saruji na kujengwa ghorofa haitapata tena nafasi kama hiyo, kwa kuwa hakuna atakayebomoa mtaa ili kupanda nyasi. Uamuzi wa kuibakiza Nguuni unaweza kufanywa sasa tu, wakati nyasi bado zipo.

Kwa hiyo kampuni, kaunti, shule na wazee wa mitaa wakutane, na wasianze na mambo makubwa. Waanze na basi la wanafunzi kila muhula, kiingilio ambacho jirani anakimudu, na jina la Nguuni katika orodha ya hifadhi zinazotambuliwa na sheria. Mambo hayo matatu yanawezekana katika mwaka mmoja, na Kongowea ina haki ya kuyadai.